Urithi wa magurudumu matatu

Baba mkwe alipofariki, mali iligawanywa kwa utulivu hadi wazee wa baraza wakatusifu. Shemeji mkubwa alipata shamba la bondeni, lile lenye mfereji wa maji mwaka mzima, linalotoa kabichi za kubebwa moja moja kama mtoto mchanga. Wa pili alipata nyumba ya mjini Lushoto yenye wapangaji wanaolipa. Wa tatu, ambaye kwenye vikao vya ukoo tunamwona kwa picha ya simu tu, alipata ng'ombe wawili na mashine ya kukoboa. Ikafika zamu ya mke wangu. Shemeji mkubwa akanigeukia mimi, nimejikunja pembeni na kikombe changu cha chai kama mkwe mwenye adabu zake, akasema, "Kwa kuwa shemeji ni mwalimu, na mzee alikuwa anampenda, dada yetu achukue gari."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana lile gari sikuwa nimelitazama kwa miaka mingi.

Ni Peugeot 504 stesheni wagoni, ya mwaka 1978, yenye safu tatu za viti na mkono wa gia kwenye usukani. Kwetu hakuna anayesema Peugeot. Ni Pijo, na ukitamka vinginevyo watu wanaona unajidai umefika Ufaransa. Lilikuwa chini ya mpeasi tangu 1996. Kusema lilikuwa limeegeshwa ni kulipamba, lilikuwa limeota. Boneti imevaa kuvu ya kijani, mlango wa dereva umekamatwa na mzizi, na magurudumu ni matatu. La nne, nikaambiwa, liliazimwa kwa ajili ya mkokoteni uliokwenda Lukozi na haujarudi mpaka leo. Kwenye safu ya tatu ya viti alikuwa ameketi tetea mwekundu, ananitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji mpya.

Ningekuwa na akili ningeliuza siku ile ile. Mnunuzi wa chuma chakavu alifika na mzani wake kabla hata arobaini haijapita, akalizunguka mara moja, akauliza bei kwa kilo. Kosa langu ni kwamba nilifungua mlango wa abiria. Ile harufu ilikuwa bado ipo: ngozi ya plastiki, mafuta ya petroli na mapeasi yaliyoiva. Nikamkumbuka mzee alipokuja kutuchukua siku tulipofunga ndoa. Gari la watu saba lilibeba kumi na wanne, magunia mawili ya viazi na mbuzi ambaye mpaka leo sijui alikuwa wa upande gani. Likapanda. Halikulalamika. Nyuma lina springi nne, mbili kila upande, na mzee alikuwa anasema Wafaransa waliliunda huku wanaiwaza Usambara.

Basi nikatamka mbele ya watu: "Nitalitengeneza. Hapa hapa nyumbani."

Mke wangu hakusema kitu. Alikwenda kumwekea kuku pumba.

Ngoja niwaeleze kwanza tatizo la kutengeneza gari nyumbani kwenye milima hii. Lushoto hakuna tambarare. Palipo tambarare pameshachukuliwa na uwanja wa mpira, na ng'ombe wakitoka kuchungwa hata huo wanagombea. Ua wangu una mteremko wa kistaarabu, lakini ni mteremko. Kwingine nati ikimponyoka fundi inaanguka. Kwangu inasafiri. Inapita chini ya gari, inavuka ua, inaruka ukuta wa mawe, inaingia kwenye karoti za jirani. Nimekwisha kuingia kwenye karoti za watu mara nyingi kiasi kwamba jirani aliponiona juzi nimepiga magoti shambani kwake aliniuliza, "Mwalimu, leo ni namba ngapi?" Nikamwambia kumi na tatu. Akanipa. Alikuwa anayo mfukoni, aliivuna asubuhi.

Fundi wangu ana gereji bubu karibu na stendi. Gereji bubu, kwa msiojua, haina kibao wala paa, ina doa la oili tu. Huyu ni kijana mzuri, ana adabu, anasema shikamoo hata kwa gari. Siku ya kwanza alifungua boneti kwa nondo, akainamisha sikio kama daktari, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, injini hii haina ugonjwa. Ni kitu kidogo tu."

Andikeni hayo maneno mahali. Mimi nimeyasikia mpaka nikiyaota nashtuka. Kabureta ilikuwa imejengwa na nyigu ghorofa mbili: kitu kidogo tu. Panya walikuwa wametafuna waya wote wa taa, na kadi ya gari, ile ya asili, walikuwa wameifanya godoro: kitu kidogo. Breki hazikuwepo. Sisemi zilikuwa mbovu, hazikuwepo, maana bomba za shaba mtu alishazing'oa zamani akatengenezea bangili. Fundi akatikisa kichwa kwa huruma, akasema breki ni kitu kidogo, tatizo kubwa ni kupata chai, maana tangu asubuhi hajala.

Tulipofungua silinda hedi ndipo nilipojua mzee aliliegesha kwa sababu gani. Hedi ya injini hii ni ya alumini, na alumini ikichemshwa hujikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Ilipelekwa mlimani ikichemka mara nyingi mno. Fundi akaweka rula juu yake, akaniita nichungulie, nikaona mwanga ukipita chini ya rula, mwembamba kama uzi. Mwanga ule umenigharimu pensheni ya miezi minne.

Hedi ya namna hiyo inachongwa kwa mashine isawazike. Mashine iko Tanga. Na hapa ndipo nilipoanza kuielewa biashara ya milima yetu, ambayo nimeishi ndani yake miaka sitini bila kuitazama. Kila kitu cha maana kiko chini. Sisi tunashusha kabichi, karoti, nyanya na viazi, fuso baada ya fuso, usiku kucha, na huko chini wanatupandishia vitu tunavyovihitaji, vikiwa si vyenyewe. Nilimpa utingo wa fuso hedi yangu imefungwa kwenye gunia, nikamlipa, nikamwelekeza: ishushwe Segera, kuna mtu ataipokea aipeleke Tanga. Ikawekwa juu ya kabichi, imekaa vizuri kama mgeni rasmi. Saa tisa usiku fuso likapita Segera utingo amelala. Alizinduka Chalinze. Hedi ya baba mkwe, ambayo ilikuwa haijatoka Lushoto tangu 1996, ikaingia Dar es Salaam asubuhi ikashushwa sokoni, na nasikia mama mmoja aliuliza bei.

Nina mpwa wangu huko. Akaifuata, akaipeleka Gerezani, ikachongwa. Nikamwambia na gasketi ya hedi anunue papo hapo. Akanipigia simu akiwa dukani, nikamsikia kijana wa spea nyuma yake akiuliza hiyo gari ni ya mwaka gani, kisha kimya, kisha kicheko. Halafu mpwa akasema kwa sauti ya chini, "Anko, huyu jamaa anasema mwambie mzee wako kuna IST safi, kilomita chache."

Mimi sina ugomvi na IST, wala na Noah, wala na Probox. Ni magari yenye tabia njema. Lakini hakuna mtu anayesimama barabarani kumsimulia mwenzake habari za IST. Likikaa Pijo uani, na boneti iko wazi, hakuna mzee anayepita kwenda gulioni bila kuingia. Anasalimu, onga mshi, anaweka fimbo, anaegemea bampa, anaanza. Lazima aanze na mbio za Safari. Kwamba 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Kwamba ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti wa Dar es Salaam, kwa hiyo ni ushindi wetu. Kwamba mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na 1968 tena 7, mengine yote yamelala kwenye matope. Kisha 504 ikashinda 1975 na 1978. Nilijaribu siku moja kusema ile ya 1978 ilikuwa ya milango miwili yenye injini kubwa, si ndugu wa karibu wa hii yangu. Mzee aliniangalia kama nimemtukana marehemu. "Mwalimu," akasema, "Pijo ni Pijo." Akachukua fimbo yake akaondoka, na spana yangu namba kumi na saba sijaiona tangu siku hiyo.

Gasketi ikapatikana Mombasa. Ilivuka mpaka Horohoro kwa basi, ikalala Tanga, ikapanda Mombo kwa basi lingine, ikafika Lushoto imefungwa kwenye gazeti la Kenya, nzuri, inanukia upya. Tukaiweka juu ya bloku. Matundu hayakukutana hata moja. Ilikuwa ya pikapu ya dizeli. Fundi aliigeuza juu chini, akaigeuza kushoto kulia, akaiangalia kwa mbali amefumba jicho moja. "Ingekuwa kitu kidogo," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anashindwa kumalizia sentensi.

Ya pili ilichukua wiki tano. Katika wiki hizo mvua za masika zilianza, ukungu ukashuka mpaka mlangoni, na mimi nikawa nashinda ndani ya gari nasugua msasa. Kuna raha yake, siwezi kukataa. Unasugua rangi ya juu, nyeupe ya mwisho, unakuta krimu. Unasugua krimu unakuta bluu. Kwenye nguzo ya mlango, chini kabisa, kulikuwa na mikwaruzo midogo iliyopangwa kwa mistari. Mke wangu aliponiletea chai akaiona akacheka. Ni yeye aliyeikwaruza kwa msumari, ana umri wa miaka saba, Jumapili moja mzee alipokuwa amekaa ndani ya gari halitembei. Wakati ule wa uhaba wa mafuta magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana, basi mzee alikuwa anaingia, anakaa kwenye usukani, anawasha redio, na watoto wanakaa nyuma kana kwamba wanakwenda Tanga. Mke wangu alikuwa anahesabu safari.

Sehemu hiyo sikuipiga puti. Fundi alilalamika.

Kuhusu tetea, mazungumzo yalikuwa mafupi. Nilisema viti vya nyuma vitatolewa vishonwe upya, kwa hiyo kuku ahame. Mama watoto akaniambia, "Huyu kuku anataga. Gari lako linataga nini?" Nikashona safu mbili za mbele.

Na jambo moja la kifedha nilishukuru. Zamani ungelipa ada ya leseni ya gari kila mwaka, litembee lisitembee, na gari la baba mkwe lingekuwa na deni la kununulia basi. Ada hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta. Maana yake gari lisilotumia mafuta halidaiwi, na katika hilo langu lilikuwa raia mwema kuliko magari yote ya wilaya.

Siku ya kuliwasha ulikuja mtaa mzima. Gurudumu la nne tulilinunua Korogwe, lina rangi yake. Betri tuliazima kwa mwenye Noah. Fundi akamwaga petroli kidogo kwenye koo la kabureta, mimi nikakaa kwenye usukani nimevaa koti, nikazungusha ufunguo. Likakohoa. Likakohoa tena, likanyamaza kama mtu anayetafuta neno, halafu likashika. Watoto wakapiga kelele. Kutoka ekzosi ukatoka moshi mweusi mzito, ukapanda ukajumuika na ukungu, na jirani wa juu akafunga madirisha.

Moshi haukukoma. Fundi alirekebisha, akarekebisha, akakata tamaa, akampigia simu mwalimu wake wa Mombo. Yule wa Mombo akacheka. Hapo nikapata somo ambalo nililifundisha mwenyewe darasani miaka thelathini, ila halikuwahi kunihusu. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Huku juu hewa ni nyepesi. Kabureta haijui hilo, yenyewe inamimina petroli ile ile kwa hewa kidogo, kwa hiyo gari linakula lisichoweza kusaga. Na nguvu inapungua, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mwanafunzi wangu angejibu hilo kwenye mtihani. "Lishushe huku," akasema fundi wa Mombo. "Likifika kwangu ni kitu kidogo tu."

Siku ya Jumamosi tukashuka. Mimi, fundi, na mtoto wa jirani mwenye gogo. Gogo ndilo breki ya mwisho ya magari ya mizigo ya huku: likianza kurudi nyuma, utingo anaruka na kulisukumia chini ya tairi. Breki mpya zilikuwepo, nami niliziamini, lakini nilimpa kijana kiti cha pembeni na mlango usiofungwa sana. Tetea alikuwa nyuma. Alikuwa ameanza kuatamia tangu wiki iliyotangulia, na mama watoto alishaniambia kwamba atakayemtoa juu ya mayai atayalalia mwenyewe. Nilidhani injini ikiunguruma atashuka. Alijikunyata tu akafumba jicho.

Ile barabara mnaijua. Ni kilomita 33 hivi, asili yake ni ya Wajerumani, enzi Lushoto ikiitwa Wilhelmsthal, na nadhani waliifuata njia ya nyoka aliyekuwa na mawazo. Nikashika gia ya pili, nikaiachia injini kazi ya kuzuia, mguu wangu ukawa mwepesi kwenye breki kama nilivyofundishwa. Tukapita mashamba, tukapita watoto wanaouza plamsi kwenye ndoo, waliosimama wakashangaa wakasahau kuuza. Soni, tulipopita maporomoko, mzee mmoja alivua kofia. Sijui alimvulia nani, gari au marehemu. Moshi ulikuwa unapungua kila kona. Mweusi ukawa wa kijivu, wa kijivu ukawa wa samawati, na tulipokaribia chini, joto la Mombo lilipoanza kuingia madirishani, haukuwepo tena. Injini ikawa inaimba. Nilimtazama fundi, macho yake yalikuwa na maji, akasema ni vumbi.

Mombo tukanywa soda. Tukageuza gari turudi.

Kwenye kona ya nne likachemka. Tukasubiri, tukamwaga maji, tukapanda hadi ya saba, likachemka. Fundi wa Mombo akarekebisha kabureta, tukafika ya tisa, nguvu zikaisha, likaanza kurudi nyuma, na kijana wa gogo akafanya kazi yake vizuri sana. Rejeta, akasema mmoja. Feni, akasema mwingine. Dereva wa fuso aliyepita tupu akipanda na matenga alisimama akatueleza kwamba kadiri unavyopanda maji yanachemka mapema, Lushoto yanachemkia nyuzi 95 hivi, kwa hiyo tusitegemee huruma mbele ya safari. Nilimshukuru. Alikuwa sahihi. Niliwahi kumfundisha.

Kwa hiyo gari la baba mkwe sasa liko Mombo, uani kwa mwenye nyumba moja ya wageni, kivulini. Kila asubuhi fundi wa kule analiwasha na linaitika mara moja, na watu wa basi wanaosimama kula wanapiga nalo picha. Nimeshuka kulitazama mara tatu. Juzi nilikuta vifaranga kumi na mmoja kwenye safu ya tatu, wamekauka vizuri, joto la Mombo limewafaa. Mwenye uwanja anasema ada ya maegesho atachukua wawili wakikua.

Nikampigia mama watoto simu. Akaniuliza kama mama yao ana maji. Nikasema anayo. Akaniuliza kama wote wanakula. Nikasema wanakula. Nikasubiri.

"Na gari?" nikamkumbusha mwenyewe.

"Gari si umesema liko kivulini? Walete kuku."

Nimewapandisha kwa Costa ya saa kumi, kwenye tenga, miguuni pangu. Kondakta alitaka nauli ya mizigo. Nikamweleza kwamba hawa ni abiria, wamekuja kwa gari lao.

Hakunielewa. Nikalipa.